Msiba wa Watu Hauzimwi

Mansuri Mloka si mtu wa kuandikwa, na hilo nalisema mapema ili asije mtu akatafuta humu ushujaa akaukosa. Ni fundi mitambo wa redio yetu ndogo hapa Morogoro mjini. Ana shati la mikono mifupi la kijivu na lingine la kijivu zaidi, ana miwani ambayo mguu wake mmoja ameufunga waya, na chai yake huinywa ikiwa imeshapoa kwa sababu kila akitaka kuinywa kuna mtu anamwita. Mimi Editha nimefanya naye kazi tangu redio ianze, mimi nikisoma matangazo, yeye akitunza mitambo, na kama kuna binadamu aliyewahi kunichosha kwa wema, ni huyo.

Maana kuna wema na kuna kuzidi. Ukimkuta benki, amempisha mama mwenye mtoto, kisha mzee, kisha kijana aliyedai ana haraka, na yeye bado yuko palepale mlangoni. Mwezi wa Ramadhani anafuturu baada ya watu wote, kwa sababu lazima kwanza ahakikishe adhana ya magharibi imetoka hewani vizuri, wenye kufunga wamefungua. Neno "hapana" sijui kama alifundishwa. Mimi ni Mnyamwezi, baba yangu alitoka Tabora akaja kufanya kazi za viwanda hapa, kwa hiyo Mansuri ni mtani wangu na nina ruhusa ya kumsema. Nilikuwa namwambia, "Nyie Waluguru mlima umewaharibu. Mmezoea kumpisha kila anayeshuka, mwishowe wewe mwenyewe hupandi." Anacheka tu, anafuta miwani.

Sasa lazima nieleze seva, na mimi si fundi, nitaeleza kama nilivyoelezwa. Nyuma ya studio kuna chumba kidogo chenye kiyoyozi, na ndani yake kuna kompyuta moja kubwa inayokaa imewashwa siku zote. Hiyo ndiyo seva. Ndiyo inayosema tukiwa hatupo. Nyimbo, matangazo ya biashara, adhana, mahubiri ya Jumapili na matangazo ya vifo, vyote vimo humo, na kila kimoja kimepewa tarehe na saa yake. Saa ikifika, kinatoka chenyewe. Kwa hiyo uhai wa ile mashine ni kujua leo ni lini. Ikipotea tarehe, imepotea yote.

Na cha kuikumbusha tarehe, umeme ukikatika, ni betri moja ya duara, ndogo, bapa, kama ile ya kwenye rimoti ya gari. Ukienda kwa wauza vifaa vya simu karibu na Soko Kuu utaipata, wala hawatakuuliza ni ya nini. Hiyo betri ilikuwa imekufa. Umeme ukiwepo huwezi kujua, seva inakwenda na saa yake vizuri. Ukikatika, kuna lile boksi la kushikilia umeme chini ya meza, lakini nalo lilikuwa limezeeka, lilishikilia kwa muda wa kupiga chafya. Umeme ukirudi, seva inawaka yenyewe ikidhani ni Mwaka Mpya wa 2010. Inatafuta ratiba ya siku hiyo, haioni kitu, basi inafungua folda la dharura na kuanza kupiga muziki.

Folda hilo alilijaza Mansuri mwenyewe. Alisema kuliko redio ikae kimya kama nyumba iliyohamwa, bora ipige kitu kizuri. Akaweka dansi za zamani za mji huu, enzi watu wanatoka Dar na treni kuja kucheza Morogoro, na akaweka ngoma za kwao alizorekodi mwenyewe kule milimani, akina mama wanaimba huku wanapiga makofi. Ni muziki mzuri kweli. Hata mimi umeme ukikatika nilikuwa nafurahi kidogo.

Basi kila ukikatika, Mansuri anaingia na kikombe chake, anakaa mbele ya skrini, anaandika tarehe kwa mkono, seva inarudiwa na akili. Alifanya hivyo miezi mingi. Betri mpya alishainunua, alikuwa anatembea nayo kwenye mfuko wa shati ikiwa bado kwenye pakiti yake. Ukimwinamia ukamsalimu unaiona.

"Mansuri, hiyo betri unaiatamia?" nilimuuliza siku moja. "Itaangua?"

"Kuiweka lazima nizime seva, dada. Nizime, nifungue, niwashe, niangalie kila kitu kimekaa sawa. Redio itakaa kimya kidogo."

"Basi ikae kimya."

"Saa nne kuna tangazo la msiba wa watu wa Kilakala."

Kesho yake nikamuuliza tena, kulikuwa na msiba wa watu wa Mgeta. Keshokutwa yake, msiba mwingine. Aliniambia kwa sauti yake ile ya chini, kama mtu anayeomba radhi, "Msiba wa watu hauzimwi, dada Editha. Mtu kaleta tangazo lake hapa analia. Mimi nitazimaje?" Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema ndiyo, ni kweli, wiki ijayo. Na wiki ijayo ikawa hivyohivyo, maana hapa hatujawahi kukosa misiba.

Nilimwelewa hata hivyo, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa watu wa mjini tangazo la kifo redioni ni desturi tu, habari wameshapata kwenye simu. Lakini kuna watu huko nje ambao simu haishiki, na Mansuri alikuwa na mtu wake huko. Dada yake Pili, wa kwanza kuzaliwa, aliyembeba mgongoni mpaka akapata miguu yake ya kutembea milimani. Pili aliolewa akaenda kulima ufuta mbele ya Kisaki, unavuka reli unaendelea, huko ambako kupiga simu mpaka uende kwenye kichuguu kimoja wanachokijua wenyewe, na siku nyingine hata hapo hamna. Lakini redio yetu inafika. Pili ameining'iniza redio kwenye nguzo ya jiko, na kila mchana akitoka shamba anaifungua kusikiliza vifo vya saa sita, kama wafanyavyo watu wote wa kule, halafu ndipo anainjika chungu. Anawatambia majirani kwamba mdogo wake ndiye anayeiendesha redio yote. Mansuri alikuwa akinisimulia hayo anaona haya, lakini anasimulia.

Mama yao, Bi Mwantumu, aliishi Kinole, kule milimani, kwenye migomba na mikarafuu yake, na alikuwa ameshaanza kuchoka. Alikuwa na usia mmoja, ameurudia mbele ya watu mpaka wajukuu wanaujua. "Nikifa, wa kuniosha ni Pili. Mimi nilimwogesha alipokuja duniani, yeye aniogeshe nikitoka." Mengine yote aliwaachia wazee waamue.

Alifariki Jumamosi alfajiri.

Nilikuwa studio nasoma taarifa za asubuhi. Nikaona kwenye kioo Mansuri amesimama nje ya mlango, mikono ameikutanisha tumboni, ananingoja nimalize. Hata siku hiyo, alisubiri. Nilipozima maiki ndipo akafungua mlango akasema, "Dada, mama ametutoka." Nikamshika mabega. Alikuwa hajalia bado.

Mjomba wake, Mzee Maneno, ndiye msemaji wa ukoo, na kwa Waluguru mjomba akisema imesemwa. Alikuwa ameshatoa neno kwa simu. Kwa sababu ya usia, marehemu atangojwa mpaka kesho, Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri. Zaidi ya hapo hapana, kwa dini yao maiti haiwekwi. Kwa hiyo Pili alikuwa na siku nzima na usiku wa kuja. Akisikia saa sita mchana, au saa tisa, au hata saa moja jioni, atalala barabarani apate gari la alfajiri, ateremke Mkuyuni, apandishe Kinole na bodaboda, afike kabla maji hayajachotwa. Mansuri alishajaribu namba ya mwenye duka wa Kisaki ambaye huwa anapeleka ujumbe. Haikupatikana.

Nililisoma tangazo papo hapo, lakini asubuhi ile watu wote wa kule wako shamba. Tukalirekodi vizuri. "Habari zimfikie Bi Pili Mloka, mbele ya Kisaki. Mama anakungoja." Hayo maneno ya mwisho Mansuri ndiye aliyeniomba niyaseme, sisi huwa hatusemi hivyo. Akaingia kwenye chumba cha seva akalipangia saa zake zote, mpaka alfajiri ya Jumapili. Alirudia kuangalia, akaangalia tena.

Nikiwa mlangoni nikamwambia, "Badilisha na hiyo betri kabisa. Sasa hivi. Unakwenda msibani, nani atakaa hapa kuandika tarehe?"

Aligusa mfuko wa shati. Namwona mpaka leo, vidole vyake viko juu ya ile pakiti. Kisha akaangalia ratiba kwenye skrini. Kulikuwa na matangazo mawili kabla ya saa tano, la watu wa Mlali na la mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha Mzinga.

"Wote wanazika leo saa kumi," alisema. "Nikizima sasa, seva ikanisumbua kuwaka, hawa watakosa watu wao."

"Na wewe je?"

"Umeme haujakatika wiki hii yote, dada."

Ningekuwa na mtu mwingine ningemnyang'anya ile betri nikamwita fundi wa jirani. Lakini utamfokea vipi mtu aliyefiwa na mama asubuhi hiyo? Akafunga chumba, akatia ufunguo mfukoni, na matangazo ya Mlali na Mzinga yakatoka kwa wakati wake, barabara, kila neno.

Sisi wengine wote tulikwenda naye. Meneja wetu, Dominiko, alisema mwenzetu amefiwa hatuwezi kukaa, na hakuna aliyeuliza nani atabaki. Mwisho wa wiki redio huwa inajiendesha. Tukatia mchele na sukari nyuma ya pikapu, tukapanda, wanawake mbele, wanaume na mabeseni nyuma. Tulimwacha Thobias, mlinzi wa geti. Mimi sijutii kwenda, na ukinirudisha siku ile nitakwenda tena. Kumwacha mtu apande mlima peke yake na msiba wa mama, huo si utu. Ila najua pia kwamba tulifunga mlango wa mashine mgonjwa tukaondoka sote, watu wazima na akili zetu.

Na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kinachotoka hewani, kwa sababu moja tu. Kwenye msiba redio hazifunguliwi. Kinole yote ilikuwa kimya siku zile mbili. Hata kibanda cha vinyozi pale njia panda, ambacho huwa kinapiga kelele mpaka unashindwa kununua ndizi, kilizimwa kwa heshima ya Bi Mwantumu. Watu wa redio tumekaa pale na simu zetu, kila mmoja ana redio mfukoni, na tukawa viziwi kuliko wote.

Jumamosi ilipita vizuri. Tulipika, tulilia, wazee wa kike wakaomboleza kwa Kiluguru mpaka ukungu ukashuka kwenye migomba. Kila mtu alisema Pili ameshasikia, yuko njiani. Mama mkubwa mmoja akatengeneza mahali pa yeye kulala.

Jumapili asubuhi maneno yalianza kubadilika. Nilikuwa jikoni na akina mama, na jikoni ndiko msiba unakosemwa ukweli wake. "Tangu jana redio inamtangaza." "Magari ya Kisaki yameshapita mawili." "Ufuta umeshampa kiburi." Mimi niliwaambia barabara ile inaharibika, gari linaweza kukwama Mvuha watu wakashinda hapo. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika na tangazo. Sauti ni yangu, nililisoma mwenyewe.

Mansuri alikuwa kwenye kona ya barabara, chini ya nyumba. Kila bodaboda iliyopanda aliinyanyukia. Wengine walikuwa watu wa msibani, wengine wanapeleka karafuu. Alirudi kila mara na kukaa kwenye jiwe lile lile, na watu walimletea maji hakunywa.

Baada ya adhuhuri Mzee Maneno alimwita. Mansuri aliomba kidogo. Mjomba akampa. Akaomba tena, na mjomba akampa tena, japo wazee walikuwa wanaangalia jua. Mara ya tatu Mzee Maneno akamwambia, "Mwanangu, hata aliyeusia amechoka." Basi maji yakachotwa. Bi Mwantumu akaoshwa na majirani na binti wa dada yake, watu wema kabisa, lakini si Pili. Mzee mmoja wa kike akatoka mle ndani akiwa bado na maji mikononi akasema, kwa sauti ya wote kusikia, kwamba yule wa Kisaki amelisahau tumbo lililomzaa.

Mansuri alikuwa amesimama karibu. Nilifikiri atamtetea. Mtu ambaye hajawahi kumwambia mtu neno baya, akasema, "Basi na asije tena." Alisema polepole, mbele ya ukoo, na watu waliitikia kwa vichwa. Alasiri tukazika.

Tulirudi Jumatatu asubuhi. Thobias alitufungulia geti akatupa pole mmoja mmoja, kisha kwa kutaka kutuchangamsha akasema, "Lakini redio mwisho wa wiki hii mmeifanyia haki. Muziki mtupu, wa zamani, hakuna kelele za matangazo."

"Muziki gani?" Dominiko aliuliza.

"Tangu Jumamosi. Umeme ulikatika kidogo tu, kabla ya saa sita, ukarudi. Toka hapo ni muziki mpaka sasa."

Mansuri alikwenda moja kwa moja chumba cha seva na sisi nyuma yake. Kutoka kwenye spika ya ukumbini akina mama wa Kiluguru walikuwa wanaimba na kupiga makofi. Kwenye skrini, pembeni chini, iliandikwa tarehe mbili Januari, elfu mbili na kumi. Tangazo la mama yake lilikuwa pale kwenye ratiba, limekaa kwenye Jumamosi yake, halijaguswa. Saa sita halijatoka, saa tisa halijatoka, jioni halijatoka, alfajiri halijatoka. Alilitazama sana.

Kisha akazima seva. Jumatatu asubuhi, saa ambayo mji mzima unasikiliza, na kulikuwa na msiba wa watu wa Kihonda kwenye foleni. Hakumuuliza mtu. Redio ikafa kimya.

Alichomoa nyaya za umeme akazikunja pembeni. Akashika bati la kasha kwa kiganja, kama wafanyavyo mafundi ili mwili usiipige mashine shoti. Akatoa kava. Ndani kulikuwa na vumbi jembamba, akalipuliza. Ile betri ilikuwa imelala kwenye kitundu chake, inang'aa, ukiiangalia huwezi kusema imekufa. Akasukuma kibano cha pembeni kwa ncha ya bisibisi, ikaruka juu, akaipokea. Akatoa ile mpya mfukoni, akachana pakiti kwa meno, akaibonyeza ikaitikia kidogo, tiki. Akarudisha kava, akachomeka nyaya, akawasha, akaandika tarehe ya siku ile na saa ya ukutani. Kisha akazima tena, akachomoa waya wa umeme, akahesabu kimoyomoyo, akachomeka, akawasha. Tarehe ilikuwa ni ileile. Imeshika.

Chai niliyokuwa nimemiminiwa wakati tunaingia ilikuwa bado inatoa moshi.

"Ndiyo hivyo tu?" liliniponyoka.

"Ndiyo hivyo tu, dada."

Hapo ndipo alipolia. Si sana. Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, halafu akaniomba nisome tangazo jipya. Nimesoma vifo miaka yote na watu husema sauti yangu haitetemeki, wengine wananisema nina moyo wa jiwe. Lile lilinishinda mara mbili. Utalisomaje? "Bi Pili Mloka, mama yako alifariki Jumamosi. Amezikwa jana, Kinole." Nilirudia saa sita, saa watu wa kule wanapofungua redio.

Pili alifika Jumanne mchana. Hakwenda Kinole kwanza, alikuja redioni, alitaka apandishe mlima na mdogo wake. Mwanamke mrefu, mkavu, vumbi la Kisaki mpaka kwenye kope. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono akasema, "Wewe ndiye sauti." Nikamwambia pole, dada. Mansuri alitoka, akashindwa kumwangalia usoni. Akakaa chini sakafuni mbele ya benchi alilokalia dada yake na akamweleza yote. Betri, umeme, watu wa Mlali na Mzinga, mama alivyongojwa. Alisema kosa ni lake, lisisemwe na mtu kuwa ni la mwingine. Alichokisema mlimani mbele ya ukoo hakukieleza, na sidhani kama kuna atakayemweleza.

Pili aliomba aione. Mansuri akampa ile ya zamani kiganjani. Aliigeuza, akaisoma maandishi asiyoyajua, akamrudishia. Nilingoja alie, au ampige, au amlaani. Ningekuwa mimi ningefanya yote matatu. Yeye alijifuta uso kwa ncha ya kanga akaanza kuzungumza, taratibu, kama mtu anayesimulia safari.

"Jumamosi nilitoka shamba nikafungua redio nisikilize vifo," alisema. "Nikasikia muziki. Nikangoja, nikasikia muziki tena. Nikawaambia majirani, leo hakuna aliyekufa, Mungu ametuhurumia. Halafu zikaja zile ngoma za kwetu, za kina mama wa Kinole. Mpaka sauti ya mama mkubwa niliisikia. Nikasema huyu ni Mansuri, leo amenikumbuka, ananipigia mimi. Nikawaita wenzangu tukacheza, mdogo wangu. Na Jumapili zikaja tena. Saa zile unazosema mama anaoshwa, mimi nilikuwa uwanjani nimejifunga kanga kiunoni, nacheza."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamweleza ndugu yake alivyoshinda siku zile mbili, basi. Mansuri alikuwa bado amekaa sakafuni, betri ya zamani kiganjani.